Ndege Mbili na Goti la Kapteni

Mkaguzi alipotoa kichwa ndani ya tumbo la ndege, uso ulikuwa umemshuka. Alizima tochi, akajipangusa unga mweupe wa kutu uliomganda vidoleni, akasema mhimili wa bawa la kushoto umeliwa. Hakueleza utengenezwe vipi kwa sababu ulikuwa hautengenezeki. Aliandika mistari miwili katika daftari la ndege, akagonga mhuri, kisha akaomba maji ya kunywa kama mtu aliyetoka kuzika.

Ndege hiyo Kapteni aliirusha kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na saba, mfupi, mwenye mabega mapana, na jina la Kapteni lilikuwa limemkaa kiasi kwamba hata mumewe, mwalimu mstaafu, alilitumia kila alipotaka kumlaumu kwa jambo. Siku ile hakulia. Alipanda ndani, akatoa blanketi, chupa ya chai na mto aliokuwa akiukalia ili aone mbele vizuri. Akafunga mlango kwa kuupiga kiganja mara mbili, maana bila hivyo haukushika, akaenda kukaa kwenye kivuli cha banda. Alikuwa amechoka tangu kabla mkaguzi hajaja.

Kazi yao ilikuwa ya watu wawili, yeye na shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi ambaye kila mtu alimwita Spana. Walihudumia viwanja saba vya porini. Walipeleka dawa, karatasi za mitihani na walimu waliohamishwa, wakarudi na wagonjwa. Viwanja sita vilikuwa vya kawaida: udongo ulioshindiliwa, na mbuzi wawili watatu wa kufukuza kabla ya kutua. Cha saba kilikuwa juu ya mlima, penye zahanati ya vyumba vitatu na mkunga mmoja. Kilikuwa na urefu wa mita mia nne kasoro kidogo, mawe yamechomoza hapa na pale, na mwisho wake ni korongo. Rubani mwingine hakukanyaga huko.

Fedha walizokuwa nazo zilitosha kupata ndege moja iliyotumika. Kwa wiki tatu walipiga simu na kusafiri kwa gari la Spana, wakalala katika nyumba za wageni zenye vitanda vilivyobonyea katikati. Ndege ya kwanza waliyoiona iling'aa kama sahani ya harusi, na muuzaji wake alivaa tai na kuongea bila kumeza mate. Spana hakubishana naye. Alipitisha ukucha chini ya mkia, rangi ikabanduka, na chini yake palikuwa na gundi iliyojazwa pale palipokuwa na ufa. Wakashukuru kwa soda, wakaondoka.

Baada ya hiyo zilibaki mbili za kweli, na hapo ndipo taabu ilipoanza.

Moja ilikuwa nyekundu, ya zamani, yenye magurudumu mawili makubwa mbele na kigurudumu kimoja chini ya mkia. Ndege ya namna hiyo hutua taratibu, huruka baada ya kukimbia kidogo tu, na mawe hayaisumbui. Lakini ardhini ina kichwa kigumu. Mkia wake unataka kupita mbele, kwa hiyo miguu ya rubani haipumziki juu ya pedali mpaka ndege isimame kabisa. Ya pili ilikuwa nyeupe, yenye gurudumu chini ya pua. Hiyo huenda ilikoelekezwa, hata rubani aliyechoka huiteremsha salama. Ila inataka njia ya mita mia sita, na ule mguu wa pua ukigonga jiwe moja baya huvunjika.

Kwa kazi ya mlimani, ndege ilikuwa ile nyekundu, na Kapteni alishakata shauri kabla hawajaifikia. Alichokuwa hajamwambia mtu ni habari za goti lake la kushoto. Mwaka uliopita aliteleza kwenye ngazi ya kujazia mafuta, goti likapinda. Daktari alilifungua, akalifunga, akamwambia litatembea lakini asilidai mengi. Ulipofika uchunguzi wa leseni, Kapteni aliuma meno akapiga pedali mbele ya daktari mwingine, naye akampitisha.

Mwenye ndege nyekundu alikuwa mkulima mzee aliyeitumia kuzungukia mashamba yake mpaka macho yalipoanza kuingia ukungu. Rangi ilikuwa imechunika na viti vimeshonwa kwa uzi wa viatu, lakini daftari halikuwa na ukurasa uliorukwa, na kila boliti ilikuwa imefungiwa waya isilegee, kwa mkono wa mtu asiyeharakisha. Spana aliizunguka kutwa nzima. Jioni alisema jambo moja tu, kwamba kama angekuwa anaoa leo angeoa hii.

Asubuhi yake Kapteni aliirusha, Spana akiwa kiti cha kulia. Njia ya mzee ilikuwa ya nyasi, ndefu, imekatwa vizuri. Alitua mara ya kwanza kama mtu anayekaa kwenye sofa la nyumbani kwake. Mara ya pili alihisi goti likipata moto, akanyamaza. Mara ya tatu magurudumu yalipogusa, mkia ukaanza kuhama, naye akakanyaga pedali ya kushoto kama alivyokanyaga maelfu ya mara. Goti likakataa. Maumivu hayakuwa makali. Mguu ulikuwa pale pale juu ya pedali, ila nguvu haikufika. Ndege ikapinda kulia, bawa la kushoto likainama mpaka likafyeka ncha za majani. Spana, ambaye hakuwa rubani, alikanyaga pedali ya kushoto ya upande wake kwa miguu yote miwili. Wakasimama kimshazari, pua ikitazama uzio wa ng'ombe.

Hakuna aliyeumia, wala ndege haikupata hata mkwaruzo. Mzee alikuja akipapasa njia kwa fimbo. Kapteni akamwambia ni upepo wa ubavu uliowasukuma. Spana aliinua macho kwenye kile kitambaa cha kuonyesha upepo, kilichokuwa kimelala kwenye mlingoti wake, akayashusha.

"Mama," mzee alisema, "mimi niliacha kurusha wiki ile nilipoanza kusingizia jua."

Aliwakaribisha uji, wakanywa, wakaagana naye vizuri.

Walipokuwa njiani Spana alisimamisha gari chini ya mti ili injini ipoe. Kapteni alikuwa amenyoosha mguu juu ya dashibodi, goti limevimba kama boga changa.

"Ulijua?" akamuuliza.

"Nakuona ukishuka kwenye gari, shemeji. Tangu mwaka jana unashuka kwa mguu mmoja."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema nini? Mimi natengeneza ndege unazorusha wewe. Ukikaa chini, na mimi nimekaa."

Baadaye Kapteni alimsimulia mumewe kwamba hapo hakuona aibu wala hasira, aliona usingizi tu, usingizi mzito wa mtu aliyekuwa akishikilia mlango kwa bega kwa mwaka mzima na sasa mlango umefunguka.

Nyumbani mumewe alichemsha maji, akalikanda lile goti kwa taulo. Alikuwa ametamani mkewe aache kazi hiyo tangu nywele zao zilipokuwa nyeusi. Alisema akiacha atafurahi, na akiendelea atamngoja kama kawaida yake, redio ikiwa imefunguliwa na chakula kimefunikwa. Ila habari za ndege nyekundu asimletee tena. Kapteni akasema hana mpango wa kuzileta.

Wiki iliyofuata walikwenda kuiona nyeupe. Ilikuwa ya shule ya urubani, na wanafunzi walikuwa wameigongesha chini mpaka mguu wa pua ukabadilishwa mara mbili, jambo lililoandikwa wazi kwenye daftari. Spana alikaa ndani yake siku mbili na tochi na kioo kidogo kama cha daktari wa meno. Alitoka na shingo imekakamaa, akasema imepigwa sana lakini haikufichwa kitu. Kapteni aliirusha mara sita. Mara zote ilitua ikaenda mbele kama punda anayejua zizi lake, na goti halikuulizwa chochote. Hakuipenda. Alitia saini.

Kwa hiyo viwanja sita vilipona, na cha mlimani kikafa. Alipaswa kumwambia mkunga. Ofisini kulikuwa na redio ya kuwasiliana na zahanati zote, naye alikishika kipaza sauti mara mbili, akakirudisha mara mbili. Mwisho akapakia maboksi ya dawa za mlimani, akatua kiwanja cha chini kilicho karibu na mlima, akalipa wapagazi wawili, akawafuata kwa mguu. Njia hiyo watu huipanda kwa saa nne. Yeye alitumia saba, akipumzika kila penye jiwe la kukalia. Kila aliyeteremka alimsalimia kwa mshangao, maana walizoea kumwona akitokea angani.

Mkunga alimpokea akiwa ameketi kwenye kizingiti cha zahanati, miguu imenyooshwa, mikono bado ina harufu ya dawa. Alikuwa karibu na miaka sitini naye. Wawili hawa walikuwa wameshirikiana miaka ishirini bila kukaa pamoja zaidi ya nusu saa, kwa kuwa injini ilikuwa inangoja kila mara. Kapteni alimweleza yote, kuanzia kutu mpaka mguu.

"Umepanda mlima huu na goti hilo," mkunga alisema, "kuja kuniambia kwamba huji tena?"

"Ndiyo, dada."

"Mwaka jana uliniteremshia wanawake kumi na mmoja. Mwaka huu nitawateremsha na nini?"

Mkunga hakungoja jibu. Alinyanyuka akaingia ndani kwa mgonjwa wake. Alikaa huko muda wa kutosha mgeni kuelewa kwamba ameudhika kweli. Aliporudi alikuwa na karai la maji ya moto na chumvi. Aliliweka chini, akavuta ule mguu bila kuomba ruhusa, akaanza kulikanda goti kwa vidole vilivyojua mahali pa kubonyeza.

Hapo ndipo mazungumzo yakawezekana. Mkunga aliuliza kama njia ya kutulia ndege pale juu ingerefushwa. Kesho yake asubuhi walikwenda wote wawili wakaihesabu kwa hatua, wakasimama ukingoni mwa korongo, wakaona haiwezekani. Mkunga akakumbuka kwamba pale kiwanja cha chini kuna stoo ya mawe iliyoachwa na watengeneza barabara. Wanawake anaowatilia shaka wangeweza kuteremka mapema, mwezi wa nane wa mimba, wakati bado wanatembea wenyewe, wakakaa pale kungoja siku zao, ndege ikiwa karibu. Alisema wataning'inia kwenye nguo za mama zao wasitake kwenda. Alisema waume watalalamika. Kisha akasema hata hivyo atawaambia.

Spana alipaua ile stoo upya kwa mabati aliyoyatoa kwenye ile ndege yao iliyoliwa na kutu. Mkunga akapeleka vitanda viwili. Mwaka wa kwanza waliteremka wanawake tisa, saba wakajifungua salama pale pale kwa msaada wa muuguzi aliyeitwa kila uchungu ulipoanza, wawili wakasafirishwa hospitali na ndege nyeupe, na wote walirudi mlimani na watoto. Mpango huo haukufaa kila mtu. Wakati wa mvua mfugaji mmoja wa mlimani alishikwa na tumbo ghafla. Wanaume sita walimbeba kwa machela usiku kucha na asubuhi, wakiteleza matopeni, na Kapteni alikuwa tayari chini, ndege imegeuzwa, akiwangoja. Walipowasili walikuwa wamemfunika uso. Mmoja wao alimwuliza, bila ukali, kama zamani angekuja juu. Kapteni akasema ndiyo, zamani angekuja. Kwa ndege nyekundu pengine angefika kwa dakika ishirini, pengine angeishia korongoni. Hilo alilifikiria siku nyingi, na hakuwahi kulifikisha mwisho.

Bado anarusha. Leseni imebakiza miaka miwili, na amemwambia mumewe kwamba hataomba nyingine. Mumewe amesema sawa, kwa sauti ya mtu anayengoja kuona.

Juzi alitua pale chini na mzigo wa dawa. Mwanamke mmoja mwenye mimba kubwa alitoka kwenye stoo akiburuta kandambili, akasema amekaa wiki tatu hana kazi ila kuhesabu mabati, mgongo unauma, na mwenzake wa kitanda cha pili anakoroma. Akataka kujua kama Kapteni hawezi kumzungusha angani kidogo tu, aone hata nyumba yao.

Kapteni akamwambia asogee kwanza, naye anataka kukaa. Wakaketi kwenye kizingiti, mmoja kashika kiuno na mwenzake kashika goti, wakawatazama wapagazi wakishusha maboksi.