Ufunguo Juu, Nanga Chini

Casilda Arbeloa alikuwa na vyeo viwili katika mji wa Sotoalto, na hakuna hata kimoja kilichomlipa. Cha kwanza, alikuwa mtunzaji wa kisanduku cha Bikira: kile kinyumba cha mbao chenye vioo na sanamu ndogo ndani, kinachohama nyumba hadi nyumba, kulala siku moja kwa kila mama, kisha kuendelea na safari. Yeye ndiye aliyepanga zamu, na ole wake atakayelaza Bikira siku mbili. Cha pili, alikuwa Chama.

Nasema alikuwa Chama kwa sababu hapo Sotoalto, ukitoa meya na bendera, Chama ni yeye. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mjane, na miaka thelathini na minne ya maisha yake aliimaliza kiwandani akimenya pilipili nyekundu za kuchoma, mpaka ncha za vidole zikawa laini kama sabuni. Alipokwenda kuchukua kitambulisho kipya, mashine ya alama za vidole ilitafuta, ikatafuta, ikakata tamaa. "Andika tu kwamba ni mimi," alimwambia polisi. "Kila mtu anajua ni mimi." Polisi akaandika.

Chama chenyewe, Chama cha Fueros, yaani cha haki za kale za jimbo, ni cha jimbo la Navarra peke yake. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba hakuna jambo linalobadilishwa Navarra kabla Navarra haijaulizwa, na ikiulizwa, iseme hapana. Alama yake ni ufunguo. Kwa kuwa ufunguo mmoja haufungui milango ya Madrid, Chama kina ndoa na chama kikubwa cha taifa, cha watu wenye mawazo yaleyale na magari makubwa zaidi. Alama ya hao ni nanga. Kwa nini watu wa Madrid, wasio na hata tone la bahari, walichagua nanga, hilo Sotoalto wamelijadili sana baa na hawajapata jibu.

Ndoa hiyo majirani walishaizoea: leo wamelala pamoja, kesho godoro liko uani. Waliachana mara ya kwanza kwa sababu ya kodi, wakarudiana kwa sababu ya woga, wakaachana mara ya pili kwa sababu watu wawili walitaka kuwa jina la kwanza kwenye orodha moja ya wagombea. Talaka hiyo ya pili ndiyo iliyozaa balaa letu.

Maana miaka minne kabla, talaka ikiwa bado mbichi, Casilda alipita kwa akina mama wake ishirini na tatu. Aliwaita hivyo, mama zangu, ingawa wengine walikuwa wadogo kwake. Kila mmoja alimpa karatasi mbili za kura zenye ufunguo, maana hapo kila chama huchapa karatasi yake na mtu huweza kwenda nayo kutoka nyumbani. "Hii ya Jumapili hii," aliwaambia. "Na hii ya akiba, weka kwenye droo ya mashuka. Uchaguzi ujao usihangaike na makaratasi yaliyopangwa mezani kama samaki gulioni. Utoe hii, utie kwenye bahasha, ukapige, urudi kupika. Na ikija kwa posta karatasi yenye nanga, washia jiko."

Mama wale walikuwa watiifu. Hapo ndipo penye tatizo.

Mwaka huu vyama vilirudiana tena, huko Pamplona, mji mkuu wa Navarra, kwa tabasamu na picha. Casilda alizisikia habari redioni akiwa anabangua maharage mabichi. Hakuna aliyempigia simu. Alibangua ganda moja lililokuwa tupu, akalitazama, akasema, "Haya." Akazima redio. Kazi ni kazi.

Jumamosi ya kabla ya uchaguzi, siku ya kimya ambayo sheria inakataza kampeni hata ya kukonyeza, alimpeleka Bikira kwa Eulogia, mjane wa mwokaji mikate. Eulogia alikipokea kisanduku, akawasha mshumaa, kisha akavuta droo kwa fahari.

"Tazama, shoga. Mimi niko tayari."

Juu ya mashuka yaliyopigwa pasi ililala karatasi ya miaka minne iliyopita. Ufunguo peke yake, kama mwanamke aliyeachwa.

"Na ile iliyokuja kwa posta?" Casilda aliuliza taratibu.

"Ile ya nanga? Nilichomea kahawa. Si ulisema mwenyewe?"

Casilda alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Hesabu alikuwa nayo kichwani. Mara ya mwisho walichukua halmashauri kwa kura kumi na nne tu. Karatasi ya zamani ndani ya bahasha ni kura iliyoharibika. Ishirini na tatu zikiharibika, meya anakwenda nyumbani, upande wa pili unaingia, na mtu aliyeiangusha ngome ya Sotoalto kwa mkono wake anaitwa Casilda Arbeloa.

Akakibeba tena kisanduku, akaondoka mbiombio hadi ofisi ya Chama. Humo alimkuta wakili kijana, Álvaro, aliyeletwa na watu wa nanga akawekwa wa pili kwenye orodha ili ndoa ionekane. Alikuwa na viatu visivyowahi kukutana na tope.

"Bibi Casilda, leo haiwezekani," alisema baada ya kumsikiliza. "Ukigawa karatasi leo, ni kampeni. Tukishtakiwa, sijui habari zako."

"Nani kasema kampeni? Mimi nampeleka Bikira."

"Lakini kisanduku kinalala siku moja kila nyumba. Hata mimi nimeambiwa."

"Leo hana usingizi." Alichota furushi la karatasi mpya mezani, zile zenye ufunguo na nanga bega kwa bega, akazisukuma nyuma ya sanamu, chini ya joho la buluu. "Wewe kaa hapa, mwanangu, usichafue viatu."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Bikira wa Sotoalto, asiyewahi kutembelea zaidi ya nyumba moja kwa siku tangu kisanduku kichongwe, alizuru nyumba ishirini na tatu kati ya saa tano asubuhi na jioni. Casilda hakuzungumza siasa. Aliingia, akaweka kisanduku mezani, akapiga ishara ya msalaba, akafungua droo ya mashuka kama mtu anayetafuta leso, akatoa ya zamani, akaweka mpya. Akiulizwa, alijibu, "Bikira amekuletea nyingine." Wengi hawakuuliza zaidi. Mmoja aliomba amletee na dawa ya magoti.

Nyumba ya kumi na saba ilikuwa ya Blasa. Blasa mwenyewe hakuwa na shida. Shida ilikuwa mwanawe, Sabino, mwenye baa ya uwanjani na wa tatu kwenye orodha ya upande wa pili, aliyekuwa amekuja kumtengenezea mama yake bomba. Alitoka chini ya sinki, bisibisi mkononi, akamkuta Casilda ameingiza mkono kwenye droo hadi kiwiko.

"Mbona Bikira anakimbia leo?" Sabino aliuliza. "Nimemwona kwa Ramira saa sita, kwa mapacha saa saba. Amesahau kitu?"

"Anaaga, kijana. Anaogopa mkishinda mtamfanya diwani wa vijana."

"Na hiyo karatasi?"

"Sala."

"Sala yenye nanga?" Sabino alicheka, lakini simu alishaitoa mfukoni. "Casilda, unajua mimi na wewe hatuna ugomvi. Ila hii ni kampeni ndani ya nyumba ya mama yangu, siku ya kimya. Nikipiga namba ya tume sasa hivi, wanakuja na daftari."

Casilda hakutoa mkono kwenye droo. Aliyenyoosha mkono ni Blasa. Alimshika mwanawe sikio, mwanaume wa miaka hamsini na mbili, mwenye kipara.

"Piga," mama alisema. "Waambie waje. Na waambie pia kuanzia kesho sungura na viazi vya Jumapili utakula kwenye makao makuu ya chama chako. Nasikia wanapika vizuri sana maazimio."

"Mama, ni sheria."

"Sheria gani? Miaka thelathini unanipigia kelele niwachague nyinyi, nikila, nikilala, nikioga. Huyu kaja dakika mbili na hajasema neno. Nani anafanya kampeni?"

Sabino alitazama simu, akamtazama mama yake aliyemshika sikio, akarudi chini ya sinki. "Bisibisi yenyewe haishiki," alisikika akinung'unika humo ndani. Casilda alibeba kisanduku, na mlangoni akageuka.

"Mwanao fundi, Blasa. Namsifu."

Jioni ilibaki nyumba moja tu: ya Bibi Micaela, miaka tisini na mmoja, na kichwa kinachofanya kazi kuliko cha meya. Micaela alikuwa na deni lake na watu wa nanga. Zamani waziri wao alikuja Sotoalto, akala pilipili zake za kuchoma sahani mbili, akaahidi mfereji wa maji hadi mashamba ya juu. Pilipili ziliisha, mfereji haukuanza.

Micaela aliichukua karatasi mpya, akaisogeza dirishani.

"Huyu karudi kufanya nini?" alisema, kidole kikiwa juu ya nanga.

"Wamerudiana, bibi."

"Nani kawaruhusu?"

"Wakubwa. Pamplona."

"Wewe walikuuliza?"

Kwa siku nzima hilo lilikuwa swali la kwanza lenye akili.

"Sikuulizwa," Casilda alisema.

"Basi sitaki. Nipe yangu ya ufunguo."

"Ya ufunguo itaharibika, bibi. Haihesabiwi."

"Ikiharibika iharibike. Mimi nimeolewa na mtu mmoja tu, na hakuondoka akarudi. Siwezi kuweka ufunguo na huyo mlaji wa pilipili kitanda kimoja."

Casilda alifikiri. Alijua kuomba hakusaidii. Micaela alishamkatalia askofu. Wanasiasa wa Pamplona walikuwa wamepoteza majuma matatu wakipima alama hizo mbili kwa rula ili pasiwe na kubwa wala ndogo, juu wala chini. Casilda akaichukua karatasi, akaiweka juu ya meza, akaikunja katikati, halafu tena, akapitisha ukucha kwenye mkunjo kama anavyokunja kitambaa cha mezani. Ufunguo ukabaki juu, ukitazama dari. Nanga ikaingia ndani, chini, gizani.

"Hivi," alisema. "Ufunguo juu, nanga chini. Ndivyo itakavyolala kwenye bahasha."

Micaela aliigeuza, akaikagua pande zote.

"Anaweza kupumua huko?"

"Kwa shida."

"Vizuri," Micaela alisema, akaitia karatasi kwenye bahasha, na bahasha kwenye mfuko wa gauni lake la kanisani.

Jumapili, shule ya Sotoalto ilifungua milango saa tatu. Mama zake wote ishirini na tatu walifika kabla ya misa ya mchana, wamesuka nywele, bahasha mikononi, hawakugusa hata karatasi moja mezani. Casilda, na beji ya wakala wa Chama kifuani, aliwahesabu wakipita kama anayehesabu kuku wakirudi bandani. Yeye alipiga kura wa mwisho. Alikuwa ameshapitia mji mzima kichwani, mtaa kwa mtaa, kitanda kwa kitanda, na hesabu ilimpa ushindi wa kura kumi na mbili. Hesabu zake hazikuwahi kumdanganya.

Alikwenda nyuma ya pazia na bahasha tupu. Kwenye mkoba alikuwa na karatasi mbili: ile mpya, na moja aliyoitoa kwenye droo yake mwenyewe alfajiri ile, ya ufunguo peke yake. Kumi na mbili, aliwaza. Kumi na mbili zinatosha kumpa mtu nafasi ya kupumua. Alitoka, akasema jina lake kwa sauti, akatumbukiza.

Kura zilihesabiwa jua likiwa bado juu ya mto. Walishinda kwa kumi na moja. Meya alilia kidogo, Sabino aliwanunulia watu wote kinywaji kwa hasira, na Álvaro alisimama mbele ya masanduku akieleza jinsi muungano ulivyothibitika kuwa na nguvu. Mwalimu aliyesimamia meza aliinua karatasi moja aliyoitenga pembeni.

"Kura moja imeharibika. Ni ya uchaguzi uliopita. Ufunguo tu."

Álvaro alitikisa kichwa, akamwegemea Casilda. "Kumbe alibaki mmoja asiyeelewa. Kizee gani hicho, bibi?"

"Maskini," Casilda alisema, akivua beji yake polepole. "Wapo wengine huwezi kuwafundisha."