Koti la Mama Pindo

Asubuhi jumba la maigizo lingali giza, ila taa moja inawaka: ya chumba cha mavazi, nyuma ya jukwaa. Mama Pindo, kama wanavyomwita hapa, analowesha kidole kwa mate, anaonja joto la pasi, kisha analinyoosha gauni la bluu pole pole, kuanzia kola.

Ndilo gauni la mama katika mchezo unaojaza viti mwezi huu. Binti anafunga mizigo huku akimtupia mama maneno ya kuchoma. Mama anashona suruali ya mteja, uso hauinui. Binti anaondoka, na mchezo unaishia hapo.

Wahakiki wameandika mengi juu yake. Wa gazetini alisema mama yule ana moyo wa jiwe. Wa redioni akamsifu mtunzi kwa kuthubutu kumwonyesha mzazi asiyependa. Mwingine alikataa katakata: mama wa hivyo hayupo duniani.

"Yupo," Mama Pindo anamwambia mwandishi wa makala haya, akigeuza mkono wa gauni. "Ni mimi."

Mtunzi ni bintiye, mtoto wake wa pekee. Mwaka wa tano huu hawajasemezana. Binti aliacha masomo ya uuguzi afuate jukwaa, na mama, aliyezeeka akifua jasho la waigizaji, alimkatalia. Njaa yao aliijua.

Mwigizaji anayevaa gauni hilo anaijua habari yote. Juzi alitoka jukwaani akamtania Mama Pindo kwamba watu wamemzomea kwa ajili yake.

"Pole, mwanangu," akamjibu. "Mimi nilizomewa bila hata kuigiza."

Wakacheka, kisha Mama Pindo akageukia ukutani kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Hajautazama mchezo. Huusikiliza nyuma ya pazia, na mlango wa mwisho unapobamizwa, mkono wake husimama.

Siku yenyewe binti alipoondoka, mvua ilikuwa inanyesha. Koti la binti lilikuwa kitini, kifungo cha juu kimening'inia. Mama akalichukua.

"Haikuwa suruali ya mteja," anasema. "Alikuwa amenipa mgongo, angejuaje? Nilikuwa nakaza kifungo chake, asije akapigwa na baridi kifuani. Na uso sikuuinua kwa sababu ningelia, naye angebaki kwa kunihurumia. Mtoto habaki kwa huruma."

Mlango ulifungwa kabla hajauma uzi. Alitoka mbio na koti mkononi, akakuta barabara na mvua tu.

Koti hilo sasa limetundikwa kati ya mavazi ya mchezo, limepigwa pasi. Mwongozaji aliliomba kwa ajili ya jukwaa. Alijibiwa kwamba lina mwenyewe.

Onyesho la mwisho ni Jumamosi, na mtunzi ataitwa jukwaani. Mama Pindo hatamfuata huko. Anajua tu kwamba bintiye husoma kila neno linaloandikwa juu ya mchezo wake.

"Basi na hili atalisoma," anasema, akiiweka pasi kando. "Usiandike kwamba nimemshtaki. Andika kifungo kimeshika. Na koti liko hapa, msumari wa kwanza ukiingia mlangoni."