Siku Tulipoanzisha Uskoti Pale Al Barsha

Bosi wetu katika baa ya hoteli, pale Al Barsha, huko Uarabuni, alikuwa Mskoti aliyeipenda nchi yake kama wanavyozipenda nchi zao watu wanaoishi mbali nazo na kulipwa vizuri. Sisi wahudumu tulimwita sir. Mwaka mmoja, sikukuu ya taifa lake ilipokaribia, aliamua kwamba wageni hawatakula na kunywa tu, wataonyeshwa pia Uskoti ulivyozaliwa.

Akatukusanya jikoni kutufundisha. Zamani za kale, alisema, Wagaeli walitoka Ayalandi kwa mashua za ngozi, wakavuka bahari nyembamba, wakatua pwani ya magharibi kulikokuwa na majirani walioitwa Wapikti. Walikuja na lugha yao na jina lao la pili, Waskoti, na baada ya miaka mingi jina hilo likaimeza nchi nzima.

"Kwa hiyo sir, nyinyi pale ni wageni?" nikauliza.

"Sisi ni waasisi," akajibu, na somo likaishia hapo.

Nilichaguliwa kuwa mkuu wa Wagaeli kwa sababu ya urefu wangu. Sikukataa, maana mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi uliofuata, na sir ndiye aliyeamua nani ataongezewa miaka miwili na nani atasindikizwa uwanja wa ndege. Nyumbani, karibu na Kakamega, nilikuwa na mke, binti aliyeanza shule, kijana niliyemwacha tumboni, na nyumba ya mawe iliyokwama kwenye linta, bila paa. Niliutaka ule mkataba hadi nikakosa usingizi. Mke wangu hakuwa akisema lolote kuuhusu, nami nikadhani kimya chake ni maombi.

Hotuba ya mkuu niliitunga mwenyewe, kama angeitunga Mkenya yeyote aliyepita shule ya upili: tulihama kwa sababu ya ongezeko la watu, uhaba wa malisho, magonjwa ya watu na mifugo, ugomvi wa koo, na hamu ya kuona mambo mapya. Ndiyo majibu tuliyoandika kuhusu Wabantu, tukayaandika tena kuhusu Waniloti, na mwalimu akayapa alama zote. Sir aliisoma akanisifu kwa utafiti wangu wa kina.

Sketi za miraba zilishonwa mtaa wa Satwa na fundi aliyeamini anashona sare za shule ya wasichana, akatuwekea mifuko bila kuombwa. Mashua yetu ilikuwa toroli ya mizigo iliyozungushiwa makatoni. Wapikti walikuwa walinzi wanne Waganda, wamepakwa rangi ya samawati hadi masikioni, na mkubwa wao alipewa neno moja tu la kusema: karibuni.

Jioni ya sherehe tulisukumwa hadi katikati ya ukumbi, nikashuka pwani ya Uskoti kifua mbele. Sasa yule mkuu wa Wapikti, kazi yake ya kila siku ilikuwa kusimama mlango wa nyuma wa hoteli kukagua wanaoingia. Alipoona kundi la watu asiowatarajia likimjia na mzigo, mazoea yakamshinda. Akainua mkono.

"Simama hapo, sir. ID na gate pass."

Nami, Mungu anisamehe, sikucheka. Mkono wangu uliingia mfukoni wenyewe, ukatoa kadi yangu ya kazi, nikamkabidhi. Akaikagua mbele na nyuma.

"Hii inakaribia ku-expire," akasema.

Ukumbi ulilipuka. Mhandisi mmoja wa Ayalandi, mteja wetu wa kila wiki, alipanda juu ya kiti akapaza sauti kwamba Wapikti wangekuwa na mlinzi kama huyu, Uskoti usingekuwapo, na Ayalandi ingekwama na watu hawa hadi leo. Sir aliiva uso kama nyanya. Nilijua nimekwisha.

Kesho yake aliniita ofisini. Kumbe wageni walikuwa wamefurahi kupita kiasi, na meneja mkuu alitaka mchezo urudiwe kila mwaka.

"Miaka miwili, khalas," sir akasema. "Na hiyo sehemu ya kadi usiitoe."

Nilimpigia mke wangu nikiwa kwenye ngazi za wafanyakazi, nikamsimulia yote. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha nikamtajia ile miaka miwili.

"Sisi tulikuwa tunakungoja Disemba," akasema. "Huyu mdogo ameanza kumwita mjomba wake daddy."

Niliumia, nikajitetea haraka haraka: nyumba, karo, na huko kwetu kazi iko wapi. Aliningoja nimalize.

"Na hao watu wa mashua," akauliza, "waliacha mabibi zao nyuma?"

"La, sir anasema walivuka nao."

"Sasa nyinyi huko mnaanzisha nchi gani?"