Kifungo cha Mama Dama

Kwenye semina zake, Mama Dama huwachezesha mabosi dama na wafanyakazi wao. Kete moja ilipotea zamani. Mahali pake ameweka kifungo cha shati la marehemu mumewe. Sheria yake ni moja: anayekila kifungo hufunga mdomo, asikilize tu.

Leo meneja, bingwa wa kukatiza watu maneno, alikila kwa mbwembwe. Masikini, jasho lilimtoka! Karani wake aliongea dakika kumi mfululizo, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

Watu walipotawanyika, meneja alibaki mlangoni, kifungo kiganjani.

“Mama, niazime hadi kesho. Nyumbani nina binti.”

Mama Dama hakuwahi kumwazima mtu kifungo kile.

“Kaa nacho, mwanangu,” alisema, “mpaka amalize kuongea.”