Hodi ya Tatu

Juzi nilipita dukani Ladypool Road kununua unga, nikakuta muuzaji amewasha kijiti cha ubani karibu na kaunta. Harufu ilipoingia puani tu, nyayo zangu zikahisi baridi ya marumaru, kana kwamba nimesimama pale na soksi tu, bila viatu. Niliondoka bila unga.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa akiwahudumia wazee majumbani mwao, hapa Birmingham. Wengi hawakuweza kuinuka kumfungulia, kwa hiyo ufunguo ulikaa ndani ya kisanduku kando ya mlango. Mama alibonyeza namba, akautoa, akafungua mwenyewe. Lakini mama yangu alilelewa Machakos, na nyumba ya mtu hakuiingia kimyakimya. Ufunguo mkononi, bado aliita, "Hodi!" Wazee wa Kiingereza waliitika, "Who's that?" Mmoja tu ndiye aliyefundishika. Huyo alikuwa Bibi Mya, ajuza kutoka Burma aliyeishi mtaa wa Harborne. Alijibu "Karibu!" kwa madaha, na mama alimtania kwamba ana lafudhi ya Kitui.

Bibi Mya alikuwa Mbudha. Kila mwaka alikwenda kuhiji kwenye hekalu moja mjini humu, lenye kuba la dhahabu, ambako waumini hufika hata kutoka nchi za mbali. Mwaka ule hakuweza hata kuketi. Akamwomba mama ampelekee maua, yafike kabla hayajanyauka. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," mama alizoea kusema akimwendea. Sasa mwenyeji haponi, na mgeni angekataaje?

Tukaenda Jumamosi, mabasi mawili, maua meupe yamefungwa kwa gazeti lililoloa. Mama alitazama saa kila kituo, maana zamu yake ilianza saa tisa. Alitazama nyuma pia, asije akaonwa na akina mama wa kanisani, ambao yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao. Mimi sikutulia kitini, nilitaka kuiona hiyo dhahabu.

Mlangoni tulivua viatu. Soksi ya mama ilikuwa na tundu, kidole gumba kikachungulia, naye akakikunja kukificha. Mlango ulikuwa wazi, ubani ukinukia, na ndani hapakuwa na mtu.

"Hodi!" mama akaita.

Akatega sikio.

"Mum, it's open. Let's just go in."

"Wewe! Kwa watu hatuingii hivyo. Hodi!"

Maua yalikuwa yameanza kulegea. Nilimwonea aibu, na hasira pia, kwa sababu niliijua sheria yake: hodi ni tatu, usipojibiwa unarudi ulikotoka. Na Bibi Mya alikuwa anangoja habari. Basi sikuisubiri ya tatu. Nilimponyoka, nikateleza na soksi juu ya marumaru hadi mbele ya sanamu kubwa ya Buddha, iliyotulia kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

"Hodi!" Safari hii sauti yake ilitetemeka.

Siku zote nilimjibu kwa Kiingereza, hata aliponigombeza. Lakini neno lililonitoka lilikuwa lake.

"Karibu, Mama."

Akaingia akilia. Nilidhani analia kwa furaha ya kusikia Kiswahili changu, na kichwa kikanivimba. Aliyaweka maua, akainamisha kichwa kidogo, akanifuta pua isiyokuwa na kitu, tukalikimbilia basi.

Jioni alimwambia Bibi Mya maua yamefika, na kwamba tulikaribishwa vizuri. Nimeambiwa bibi aliuliza ni nani aliyetukaribisha, na mama akacheka tu.

Miaka mingi nilijisifia karibu ile. Kisha nikaingia kazi ya mama. Asubuhi moja, mtaa wa Tyseley, nilibonyeza namba, nikafungua mlango wa mzee aliyekuwa akinitania kila siku. Nikaita hodi. Nikaita tena. Chai yake ya jana ilikuwa mezani, haijaguswa. Nikabaki nimeshika kitasa, naogopa kuita ya tatu, kwa maana katika kazi yetu nyumba isiyoitika ina habari moja tu. Hapo ndipo nilipomwelewa mama. Siku ile hekaluni, masikio yake yalikuwa Harborne, mlangoni kwa Bibi Mya.

Niliita ya tatu, na hapakuwa na mtoto wa kunijibu.