Kupima Ngumi kwa Mizani ya Maharagwe

Mvua ya Bunia ikianza saa nane mchana, biashara yangu inalala. Mabati yanapiga kelele, wateja wanajibanza kwenye baraza za wenzangu, na mimi nabaki ghalani katikati ya magunia ya maharagwe ya Kpandroma, pamoja na watu watatu wasionunua kitu. Siku ile walikuwa mbebaji wangu, ambaye mabega yake hayapiti mlangoni bila kugeuka. Dereva wa pikipiki anayekimbilia kwangu kila mvua na hajawahi kuniuliza kama ananisumbua. Na baba yangu.

Baba alikuja kwangu kutoka kijijini kwake Fataki, vita vilipomfikia mlangoni. Hapa ana kitanda, ana chai, ana wajukuu, lakini neno lake ni moja tu. Kila anayetokea upande wa Djugu, kwenye njia ya Fataki, atamwuliza, "Njia imefunguka?" Wanamwambia bado. Anaitikia kwa kichwa, anarudi kukaa. Niliogopa kwamba atafia kwenye kiti changu cha plastiki bila kuiona tena Fataki, na hofu hiyo sikuwa na mtu wa kumwambia.

Dereva alituonyesha kwenye simu bingwa wa dunia wa uzito wa juu akimwangusha mtu. Picha ilikuwa imepunguzwa mwendo. Ngumi ilikuja polepole, kama mtu anayenyoosha mkono kuchukua chumvi mezani. Shavu la yule mwingine likaenda upande mmoja, jasho likamtoka kichwani likabaki hewani, matone yakielea bila haraka ya kuanguka, na miguu yake ikasahau kazi yake. Tuliitazama tena na tena. Hata mvua ya nje niliiona kama imepunguza mwendo.

"Ile ngumi iko tonne moja," dereva akasema. "Banapimaka na mashini."

"Bongo! Uko nadanganya," mbebaji akamjibu. "Tonne ni magunia kumi. Mutu gani anaweza tupa magunia kumi na mukono moja?"

Walibishana mpaka masikio yakaniuma. Asiyekuwepo na lake halipo: bingwa wa watu, huko aliko, hakujua kwamba anapunguziwa kilo katika soko la Bunia. Mwishowe wakafanya jambo ambalo watu wa ghala la maharagwe tu wangeweza kulifikiria. Waliburuta gunia wakaliweka juu ya mizani yangu kubwa, walipige ngumi, waone sindano inafika wapi. Sisi, kitu kisichopita kwenye mizani hatukiamini. Hata mahubiri ya mchungaji tungeyapima kama yangefungika kwa kamba.

Dereva akapiga, sindano ikatikisika kidogo. Mbebaji akapiga, ikaruka. Tukamsifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Alirudi nyuma mpaka ukutani, akaja mbio, akapiga kwa nguvu zake zote. Gunia likapasuka na maharagwe yakamwagika sakafuni. Nilipiga ukelele. Yeye alikuwa ameshika mkono wake, anacheka na machozi yanamtoka.

"Mama, utanisamehe. Nitaokota yote."

Hapo baba akasema, bila kuulizwa, "Muko napima mukono. Mupime kichwa ya mwenye anapigwa."

Tukageuka. Akatuambia kwamba alipokuwa kijana, amekuja mjini kutafuta kazi, alicheza ngumi. Mimi mtoto wake sikuwahi kulisikia hilo. Alisema kuna mtu mmoja, mkubwa kuliko huyu mbebaji, aliyempiga hapa. Akagusa taya.

"Sikusikia hata kitu," akasema. "Niliona tu niko Fataki. Iko magaribi. Ngombe ziko nashuka, moshi iko natoka ku jikoni, mama yangu iko naniita nikuje kula. Nikamwitika. Nilikaa kule siku mingi, mingi. Kisha banamwanga mayi ku uso yangu, nikaamuka. Banasema arbitre, ule mwamuzi, alihesabu tu mpaka dix, kumi."

 Harufu ya udongo uliolowa ilikuwa imeingia ndani, na kwa muda nadhani sote tulikuwa kule. Nilimwona nyanya yangu, ambaye alikufa kabla sijazaliwa, amesimama mlangoni anajifuta mikono kwenye kitenge, anatazama njia ya ng'ombe. Nilitamani asiache kuita. Maharagwe yalikuwa yametuzunguka miguuni na mbebaji alikuwa amesahau kuyaokota.

Kisha baba akainuka. Alivua kofia yake akaiweka juu ya mizani, akamwendea mbebaji, akasimama wima mbele yake na kumgeuzia shavu.

"Mwana yangu, weye iko na nguvu. Nipige hapa."

Dereva akacheka. Baba hakucheka.

"Njia inakatala kufunguka," akasema. "Nipige."

Mbebaji aliutazama mkono wake uliovimba, akauficha nyuma ya mgongo. "Hapana, muzee," akasema kwa sauti ndogo. "Hapana."

"Papa, ukae," nikamwambia. Nililia pale pale mbele yao, wala sikuona haya. Baba hakunigeukia. Alikuwa ameshafumba macho, anangoja.