Mkasi wa Fundi

Fundi cherehani hukipapasa kitambaa kabla ya kukikata, akikinong'oneza, "Tulia, mama." Alifanya hivyo hata kabla ya kuugua akili; au ndivyo ugonjwa ulivyoanza? Dada yake, anayeshona vifungo meza hiyo hiyo, hajui tena. Tangu fundi, mdogo wake, atoke hospitali, akinyamaza dada humwuliza kama amelala vizuri. Akicheka, kama amemeza dawa. Leo mteja kaleta suruali iliyochanika matakoni, akasimulia ilivyomwaibisha mbele ya wakwe, fundi akacheka hadi machozi. Mkono wa dada ukajiendea wenyewe kwenye mkasi. Fundi akauona. Kicheko kikakatika kama uzi. Akauchukua mkasi, akamkabidhi kwa upande wa vishikio.

"Shika, dada. Ni suruali tu imenichekesha."

Dada akabaki nao mkononi, hajui auweke wapi.